Nelson Nyuma ya Kioo: Ulipe Kiasi Gani, na Ulipie Nini

Anayetafuta sura ya Admirali Horatio Nelson ya kutundika ukutani ana njia nyingi za kutumia pesa zake. Duka la makumbusho litamuuzia nakala mpya ya karatasi kwa makumi machache ya pauni. Mnada wa mji mdogo wa Uingereza unaweza kumpatia picha ya kioo iliyotengenezwa karibu na mwaka admirali alipouawa, kwa pauni mia moja na kitu. Duka la vitu vya kale la London litataka mara mbili au tatu ya hizo kwa picha ambayo, kwa macho ya haraka, ni ile ile. Na akigeukia makamanda wa mataifa mengine, mfano George Washington wa Marekani aliyechorwa kwenye kioo na mafundi wa China, bei inaanzia maelfu ya dola.

Zote hizo zinaweza kuitwa picha ya kale ya kioo katika tangazo la muuzaji, na hazifanani kwa kazi, kwa umri, wala kwa hatari anayoibeba mnunuzi. Makala haya yanazilinganisha kwa bei, kwa uhalisi na kwa gharama zinazofuata baada ya risiti. Bei ninazotaja ni za kuongoza tu, kwa kuwa soko la vitu vya kale hupanda na kushuka, na hali ya picha moja inaweza kuiondoa kabisa katika kundi lake.

Kabla ya bei, jambo moja lazima lieleweke. Katika picha za kawaida kioo ni kifuniko: kikivunjika, fundi wa fremu anaweka kingine na maisha yanaendelea. Katika bidhaa hii kioo ndicho picha. Kikivunjika, hakuna cha kubadilisha.

Unachokinunua hasa

Picha za Nelson za aina hii zilianzia kwenye mezotinti, chapa inayotokana na bamba la shaba lililoparuzwa lote kwa chombo chenye meno, kisha likalainishwa kidogo kidogo pale ambapo mchongaji alitaka mwanga. Chapa hiyo haitegemei mistari. Inatoa vivuli laini kuanzia weusi mzito hadi weupe, na ndiyo maana ilifaa kwa kazi ya kioo.

Fundi aliloweka karatasi ya chapa majini, akapaka kioo gundi ya tapentini ya Venice, ambayo ni utomvu mzito wa mti, kisha akailaza chapa kifudifudi juu yake. Ilipokauka aliilowesha tena na kuisugua karatasi kwa ncha za vidole, ikatoka nyuzi kwa nyuzi hadi ukabaki utando mwembamba wa wino ulioshikamana na kioo. Mwisho zilipakwa rangi za mafuta kwa upande wa nyuma: buluu ya koti, dhahabu ya mapambo ya mabegani, wekundu wa mashavu. Vivuli vilikuwa vimeshatengenezwa na wino, kwa hiyo mpaka rangi alijaza maeneo mapana tu. Picha nyingi zilifanywa kwa namna hii na wachapaji wa London, na kwa haraka.

Kioo chenyewe kilipulizwa kwa mdomo na kuzungushwa hadi kikawa sahani pana, kisha kikakatwa. Serikali ya Uingereza iliweka kodi ya kioo kwa uzito katika miaka ya 1740, na kodi hiyo haikufutwa hadi 1845. Watengenezaji walikuwa na kila sababu ya kukifanya kiwe chembamba. Wembamba huo ni moja ya alama za uhalisi, na pia ni moja ya sababu za picha nyingi kutufikia zikiwa na ufa.

Hamu ya kumnunua Nelson nayo ina tarehe zake. Alipoteza uwezo wa kuona kwa jicho la kulia baada ya kujeruhiwa Calvi, kisiwani Corsica, mwaka 1794. Mkono wa kulia ulikatwa baada ya shambulio la Tenerife, Julai 1797. Mwaka huo huo mchoraji Lemuel Francis Abbott alimchora alipokuwa akiuguza jeraha, na sura ya Abbott ikawa chanzo cha chapa nyingi. Ushindi wa mto Nile ulikuja Agosti 1798, wa Copenhagen Aprili 1801. Aliuawa katika vita vya Trafalgar tarehe 21 Oktoba 1805. Habari zikafika London tarehe 6 Novemba, na mazishi yakafanyika Kanisa la St Paul's tarehe 9 Januari 1806. Wachapaji hawakungoja maombolezo yaishe. Sehemu kubwa ya picha za kioo za Nelson zilizopo sokoni zinatokana na miezi hiyo.

Chaguo la kwanza: picha ya kioo ya wakati wake, 1797 hadi takriban 1810

Hii ndiyo bidhaa yenyewe. Mnadani Uingereza, picha nzima yenye rangi tulivu na fremu yake ya zamani mara nyingi huangukia kati ya pauni 150 na 500. Yenye ufa au iliyobanduka utando huuzwa kwa chini ya 100. Dukani ongeza nusu hadi mara mbili.

Ndani ya kundi hili kuna tofauti ambazo bei huzifuata. Sura ya mtu peke yake, yenye maandishi kamili chini yake, hutafutwa kuliko picha za mafumbo ambamo mwanamke anayewakilisha Uingereza anamlilia admirali kaburini. Kifo chake juu ya sitaha ya meli ya Victory kina wapenzi wake pia. Jina la Nelson lenyewe lina gharama. Ukitaka ufundi kuliko jina, watafute makamanda wengine wa kizazi chake: Howe wa ushindi wa 1 Juni 1794, Jervis wa St Vincent, Duncan wa Camperdown, wote wawili wa 1797, au Jenerali Abercromby aliyefariki kwa jeraha la vita vya Alexandria mwaka 1801. Karatasi ni ile ile, wino ni ule ule, vidole vilivyosugua pengine ni vile vile, na bei huwa chini. Kwa mnunuzi asiye na kiu ya Nelson, hapa ndipo penye nafuu ya kweli.

Chaguo la pili: mezotinti ile ile, ikiwa bado karatasi

Watu husahau kwamba kila picha ya kioo iliharibu karatasi moja. Zile ambazo hazikugeuzwa kioo zingali zipo, na chapa nzuri ya Nelson ya miaka ya 1797 hadi 1806 hupatikana kwa bei inayokaribiana na ya kioo, kwa kawaida pauni 100 hadi 500 kutegemea mchongaji, ukubwa na kingo. Iliyokatwa kingo hadi ndani ya alama ya bamba hushuka sana.

Hasara yake ni kwamba haina rangi zile za kung'aa zinazofanya picha ya kioo ionekane kutoka upande wa pili wa chumba. Faida zake ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Inasafirishwa ndani ya bahasha ngumu. Ikipata doa au mpasuko, mafundi wa kuhifadhi karatasi ni wengi na kazi yao inajulikana. Kioo cha fremu yake kikivunjika, unanunua kingine. Kwa anayeishi Nairobi, Dar es Salaam au Muscat na ananunua kutoka Ulaya, tofauti hiyo peke yake inaweza kuamua.

Chaguo la tatu: kioo kilichochorwa kwa mkono

Hapa hakuna chapa. Mchoraji hufanya kazi kinyume: vifungo na mwanga wa jicho hutangulia, koti na mandhari hufuata, na kushoto hugeuzwa kuwa kulia. Mafundi wa Canton, China, walikuwa mabingwa wa kazi hii mwishoni mwa karne ya 18, wakiwauzia mabaharia na wafanyabiashara wa Magharibi.

Picha yao maarufu kuliko zote ni ya Washington, jemadari wa vita vya uhuru wa Marekani aliyefariki Desemba 1799. Ilinakiliwa kutoka kazi ya mchoraji Gilbert Stuart. Nahodha mmoja wa Philadelphia alipeleka picha ya Stuart Canton na kurudi na nakala za kioo za kuuza. Stuart alimshtaki, na mwaka 1802 mahakama ikazuia mauzo hayo. Nakala zilizobaki leo huuzwa kwa maelfu hadi makumi ya maelfu ya dola, na nyingi huishia kwenye makumbusho na kwa wakusanyaji wakubwa. Ajabu ni kwamba anayetaka sura ya kijeshi hataipata hapo: Stuart alimchora Washington akiwa rais, mwenye koti jeusi la kiraia.

Kwa mnunuzi wa kawaida kundi hili ni la kutazama tu. Nimelitaja kwa sababu wauzaji hupenda kuliazima jina. Tangazo likisema "imechorwa kwa mkono nyuma ya kioo" juu ya Nelson wa pauni 200, uwezekano mkubwa ni kwamba inayouzwa ni chapa iliyopakwa rangi. Hilo si kosa la picha, ila bei ya mchoro isilipwe kwa chapa.

Chaguo la nne: suweer ya Senegal

Mwafrika anayetaka kamanda aliye kwenye kioo hahitaji kuanzia Trafalgar. Senegal ina utamaduni hai wa kuchora nyuma ya kioo, uitwao suweer, uliokua sana mwanzoni mwa karne ya 20. Wachoraji kama Gora Mbengue na Mor Gueye waliufanya ujulikane nje ya nchi. Pamoja na masheikh, akiwemo Ahmadou Bamba, wachoraji hao hupenda kumchora Lat Dior, mtawala wa Kayor aliyepigana na Wafaransa na kupinga reli ya Dakar hadi Saint-Louis, akiuawa vitani Oktoba 1886. Mara nyingi yuko juu ya farasi wake, Malaw.

Kazi ndogo za wachoraji wa sasa hupatikana masokoni Dakar kwa faranga za CFA elfu chache. Kazi za wakongwe waliotajwa hupanda hadi mamia ya euro huko Ulaya. Ni michoro halisi ya mkono, tofauti na chapa za London, na bei yake ya chini inatokana na wingi na ujana wake. Kioo chake ni cha kisasa, na rangi ni za viwandani. Kama uwekezaji, suweer ya mtalii haitarudisha pesa. Kama picha ya kamanda mwenye maana kwa ukuta wa nyumba ya Kiafrika, sijaona inayoishinda kwa bei hiyo.

Chaguo la tano: nakala

Ziko za aina mbili. Ya kwanza ni nakala isiyojificha: chapa mpya kutoka makumbusho, kama National Maritime Museum ya Greenwich yenye mkusanyiko mkubwa wa vitu vya Nelson, kwa pauni 20 hadi 60 bila fremu. Ni ununuzi salama kwa anayetaka sura tu. Ya pili ni nakala inayojificha: karatasi iliyochapwa kwa mashine za karne ya 20, ikabandikwa nyuma ya kioo cha zamani na kuwekwa kwenye fremu nyeusi iliyochakaa. Hii ni ya kuepuka kwa bei yoyote inayozidi ile ya fremu.

Kuikagua kabla ya kufungua pochi

Omba picha ya upande wa nyuma. Muuzaji mwenye kitu halisi hana sababu ya kukataa. Ubao wa nyuma ukiondolewa, utaona madoa mapana ya rangi bila umbo la kueleweka, pengine na mabaki ya nyuzi za karatasi. Ukiona karatasi nzima, safi au ya manjano, hiyo ni chapa iliyokaa nyuma ya kioo, si iliyohamishiwa kwenye kioo.

Itazame kwa mbele ukiwa pembeni. Picha halisi imeshikamana na kioo bila nafasi yoyote. Chapa iliyosimamishwa nyuma huacha kivuli chembamba kati ya mstari na kioo.

Tumia lenzi ya kukuza. Nukta ndogo zilizopangwa kwa safu ni alama ya uchapaji wa picha za kamera, uliokuja miongo mingi baada ya Nelson kuzikwa. Mezotinti huonyesha chembe laini zisizo na mpangilio wa nukta.

Angalia mkono. Chapa ililazwa kifudifudi, na wewe unaitazama kupitia kioo. Kwa hiyo picha haigeuki. Mkono mtupu wa koti unapaswa kuwa wa kulia, ambao katika sura inayokutazama uko upande wako wa kushoto. Ukiwa upande mwingine, huenda mchoraji alifuata chapa moja kwa moja kwa mkono bila kugeuza, na inayouzwa ni bidhaa nyingine inayohitaji bei yake yenyewe. Kama mikono yote miwili ipo, uliza: sura ya kabla ya Julai 1797 inawezekana, lakini haiendani na nishani alizozipata baadaye.

Soma maandishi ya chini. Sheria ya hakimiliki ya chapa ya mwaka 1735, inayohusishwa na mchoraji William Hogarth, ilitaka kila chapa iwe na jina la mwenye haki na tarehe ya kutolewa. Mstari huo ukiwepo mzima, thamani huongezeka, na unaweza kuupima kwa historia. Nelson alipewa ubaroni baada ya Nile mwaka 1798 na uvikonti mwaka 1801. Picha inayomwita marehemu huku ikiwa na tarehe ya kabla ya 6 Novemba 1805 inadai kujua kifo kabla ya London kukijua. Vilevile pambo la almasi kofiani, zawadi ya Sultani Selim III wa Uturuki, lilitolewa baada ya Nile. Haliwezi kuwa kwenye sura ya 1797.

Mwisho, washa tochi na uimulike picha kwa ubavu. Sehemu ambazo utando umeachana na kioo huonekana zimepauka au zina mng'ao wa fedha, kwa sababu hewa imeingia kati. Sehemu zilizopakwa rangi upya baada ya kubanduka huonekana bapa, hazina vivuli vya wino. Kubanduka kidogo pembeni kunavumilika. Kubanduka usoni hakuvumiliki, hata muuzaji akupunguzie nusu.

Bei ya nyundo si bei ya mwisho

Wanunuzi wapya hulinganisha bei ya mnada na bei ya duka kana kwamba ni kitu kimoja. Tuchukue mfano wa picha inayoangukia pauni 180 mnadani, ikanunuliwa kwa njia ya mtandao, katika nyumba ya mnada inayotoza ada ya mnunuzi ya asilimia 25.

Bei ya nyundo (dau lililoshinda): £180.00
Ada ya mnunuzi, asilimia 25: £45.00
VAT ya asilimia 20 juu ya ada: £9.00
Ada ya jukwaa la mtandaoni, asilimia 5: £9.00
VAT juu ya ada hiyo: £1.80
Kufungasha na kusafirisha kioo ndani ya Uingereza, tuseme: £60.00
Jumla: £304.80

Hiyo ni karibu asilimia 70 juu ya nyundo. Aliyekwenda mwenyewe mnadani na kuibeba mkononi atalipa £234, akiokoa £70.80. Sasa weka pembeni duka linaloiuza picha inayofanana kwa £350. Tofauti na mnunuzi wa mtandaoni ni £45.20 tu, na kwa hizo pauni chache kuna kitu kikubwa kinachonunuliwa: haki.

Kwa sheria za Uingereza, mtu binafsi anayenunua kutoka kwa mfanyabiashara kwa njia ya mtandao au simu ana siku 14 za kubadili nia baada ya kupokea bidhaa, na chini ya sheria ya haki za mlaji ya 2015 ana siku 30 za kurudisha kitu kisicholingana na maelezo na kurudishiwa pesa zote. Mnada wa hadhara wa vitu vilivyotumika, ambao watu wanaweza kuhudhuria wenyewe, haumpi kinga hizo. Kwenye mnada unategemea masharti ya nyumba husika na ripoti yake ya hali ya bidhaa. Ripoti hiyo ni ya bure. Iombe kwa maandishi, na uulize moja kwa moja kuhusu nyufa, kubanduka na rangi mpya.

Muuzaji binafsi kwenye mitandao ya mauzo ana bei za chini kuliko wote na wajibu mdogo kuliko wote. Huko ndiko picha za pauni 60 hupatikana, na ndiko nakala zinazojificha hupenda kukaa. Anayejua kutumia lenzi na tochi anaweza kufaidi. Asiyejua alipie duka, hasa lenye uanachama wa BADA au LAPADA, vyama vya wauza vitu vya kale vya Uingereza.

Safari ya kioo

Hapa ndipo picha ya kioo inapoanza kuwa ghali kuliko ndugu yake wa karatasi. Kampuni nyingi za kusafirisha vifurushi hukubali kubeba kioo lakini hukitoa kwenye fidia: kikivunjika, umeumia mwenyewe. Soma orodha ya vitu visivyofidiwa kabla ya kulipa bima, usije ukalipia kinga isiyokuhusu. Kifungashio kinachofaa ni sanduku ndani ya sanduku, picha ikiwa imesimama wima, bila kitu chochote kugusa upande wa nyuma wa utando. Usikubali mtu abandike mkanda wa gundi kwenye kioo.

Kwa anayeipeleka Afrika Mashariki au Ghuba, muulize wakala wa forodha ushuru kabla ya kutia dau, ukimpa umri na maelezo ya bidhaa. Nchi nyingi huweka vitu vya zaidi ya miaka 100 katika kundi lao la forodha. Kuhusu kibali cha kuitoa Uingereza, picha za watu wa historia ya nchi hiyo zenye umri wa zaidi ya miaka 50 huhitaji kibali maalumu zikiwa na thamani ya kuanzia pauni 10,000. Nelson wa pauni 300 hafiki huko.

Gharama baada ya kununua

Picha ya kioo haihitaji pesa nyingi kwa mwaka, inahitaji nidhamu. Itundike mbali na jua la moja kwa moja, mbali na jiko na bafu, na usiiweke kwenye ukuta unaopata unyevunyevu. Unyevu unaopanda na kushuka ndio unaoachanisha utando na kioo, jambo la kuzingatiwa zaidi Mombasa na Zanzibar kuliko Nairobi. Mbele ipanguswe kwa kitambaa kikavu na laini. Maji ya kusafishia vioo hupenya kwenye kingo na kuyeyusha kazi ya miaka 200. Nyuma pasiguswe kabisa, hata vumbi liwe limejaa.

Ukihitaji matengenezo, Uingereza ina chama cha wahifadhi, Icon, chenye orodha ya wataalamu waliothibitishwa. Kazi ya kuurudisha utando uliobanduka huhesabiwa kwa saa za mtaalamu, na bili ya pauni mia kadhaa ni ya kawaida. Linganisha na bei ya picha yenyewe. Nelson aliyebanduka wa pauni 70 pamoja na matengenezo ya pauni 400 ni Nelson wa pauni 470 ambaye sokoni hatafika 200. Nafuu yake ilikuwa ya kuonekana tu. Fundi wa fremu wa mtaani, hata akiwa hodari, asipewe kazi hii: mazoea yake ni kutoa kioo na kukisafisha.

Uamuzi kwa kila mfuko

Mwenye chini ya pauni 60 achukue nakala isiyojificha ya makumbusho, au suweer ya Lat Dior akipata mtu wa kumletea kutoka Dakar. Kati ya hizo mbili, suweer ni kazi ya mkono wa mtu na nakala ya makumbusho ni picha ya picha, kwa hiyo ningechukua suweer.

Mwenye pauni 100 hadi 250 na anayemtaka Nelson mwenyewe, hasa akiwa nje ya Uingereza, anunue mezotinti ya karatasi. Atapata chapa ya zama zile zile, itafika salama, na akichoka ataiuza bila hofu. Aliye Uingereza na anayeweza kuhudhuria mnada mwenyewe akiwa na lenzi na tochi, kwa fedha hizo hizo atafute Duncan au Abercromby wa kioo, mzima, na arudi nayo nyumbani mapajani.

Mwenye pauni 300 hadi 500 aende dukani, akachukue sura ya Nelson ya kioo yenye maandishi kamili, isiyo na ufa wala rangi mpya usoni, kwa risiti inayotaja umri na mbinu iliyotumika. Kwa bei hii maneno "chapa iliyohamishiwa kwenye kioo na kupakwa rangi, takriban 1806" yanapaswa kuandikwa. Muuzaji akikataa kuyaandika, rudisha pochi mfukoni.

Na kwa mifuko yote, chaguo baya kuliko yote ni picha halisi iliyobanduka inayouzwa kwa bei ya kutupa. Nakala mpya ya makumbusho itadumu kuliko hiyo, na itakugharimu kidogo.